Raundi ya Kumi na Tatu: Stephen Muchoki na Ngazi Inayokosekana Mlima Kenya

Kazi ya bondia wa kulipwa haipimwi kwa medali alizovishwa kabla hajaanza kulipwa, ingawa nchini Kenya kipimo hicho ndicho kilichozoeleka, na ndicho kilichofanya majina makubwa ya ndondi yakumbukwe kwa ushindi wa ujanani huku miaka yao migumu zaidi ikisahauliwa. Medali ni tunda la ndondi za ridhaa, yaani zile ambazo bondia huwakilisha nchi yake katika mapambano mafupi, ambayo katika miaka ya 1970 yalikuwa ya raundi tatu za dakika tatu tatu. Taji la dunia la ndondi za kulipwa lilidai jambo jingine kabisa: raundi 15, dakika 45 za kupigana, mbele ya mtu ambaye riziki yake yote imo katika kulilinda taji hilo. Anayezisoma kazi za mabondia wakuu wa Kenya akiwa na tofauti hiyo akilini ataona kwamba ngumi walikuwa nazo na moyo walikuwa nao, lakini vidato vya kati vya ngazi vilikosekana, yale mapambano ya raundi sita, nane na kumi ambamo bondia hujifunza kuzigawanya nguvu zake kabla hajaitwa kupigania mkanda.

Suala hili linaihusu Nyeri, pamoja na Karatina, Nanyuki, Nyahururu, Embu na Meru, kwa namna ya pekee, kwa sababu miji ya eneo la Mlima Kenya imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kutoa wanamichezo wa daraja la juu kabisa. Catherine Ndereba wa Gatunganga, Nyeri, alishinda marathoni ya Boston mara 4, na mwaka 2001 aliweka rekodi ya dunia ya wanawake jijini Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alitwaa dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Katika ndondi za kulipwa hakuna orodha ya kuwekwa kando ya hiyo, na kwa hivyo kijana wa Ruring'u au wa Majengo mjini Nyeri anayetaka kujua njia ya mikanda ilivyo hana budi kuitazama historia ya taifa zima, akianza na mtu ambaye jina lake kila Mkikuyu hulitambua kuwa la kwao.

Stephen Muchoki alikuwa bondia wa uzani mwepesi wa flai, ambao katika ridhaa ulikuwa na kikomo cha kilo 48. Alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mara mbili, Christchurch mwaka 1974 na Edmonton mwaka 1978, na kati ya safari hizo alikwenda Havana kwa mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ridhaa, akafika fainali na kushindwa na Jorge Hernández wa Cuba. Miaka miwili baadaye Hernández alitwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Montreal katika uzani uleule, huku Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizojiondoa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na haufai kujutiwa, ila gharama yake ililipwa na watu wenye majina, na Muchoki alikuwa mmoja wao. Mwaka 1978 alipata kilichokuwa kimemponyoka Havana, ubingwa wa dunia wa ridhaa, jijini Belgrade.

Alipoanza kulipwa, Muchoki aliishi na kupigana Denmark, chini ya promota Mogens Palle. Promota ni mtu anayeandaa pambano, anayetafuta fedha, ukumbi na mpinzani, na katika ndondi za kulipwa yeye ndiye mwenye funguo, kwa maana bondia hodari asiye na promota hubaki akisubiri simu isiyolia. Uchaguzi wa Copenhagen ulikuwa wa busara: Sweden ilikuwa imepiga marufuku ndondi za kulipwa, na mji mkuu huo ukawa kituo cha mchezo kwa eneo lote la kaskazini. Mwaka 1980 Muchoki alimshinda Ray Amoo wa Nigeria na kuchukua ubingwa wa Jumuiya ya Madola katika uzani wa flai. Tarehe 5 Novemba 1982, Santos Laciar wa Argentina, bingwa wa uzani wa flai wa Chama cha Ndondi Duniani (WBA), aliletwa Copenhagen kutetea taji lake dhidi ya Muchoki. Kwa bondia kutoka Afrika, bingwa mtetezi kumfuata alikokaa ni bahati ambayo wengi hawakuipata maishani, na inapasa kusemwa waziwazi kwamba Muchoki hakukosea kuikubali.

Pambano hilo lilisimamishwa katika raundi ya 13, Laciar akiwa mshindi. Ushindi wa namna hiyo huitwa nokauti ya kiufundi: refa haanzi kuhesabu mpaka kumi kama afanyavyo bondia anapolala chini, bali huingia kati kwa kuona kwamba mmoja wao hawezi tena kujilinda. Raundi hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kuliko jambo jingine lolote katika kazi ya Muchoki. Mtu anayefika raundi ya 13 dhidi ya bingwa wa dunia hawezi kusemwa kuwa alizidiwa kwa kipaji. Kama ni kuzidiwa huko, kungeonekana katika raundi ya tatu au ya nne. Laciar, ambaye tayari alikuwa na mapambano ya kulipwa zaidi ya 50, alijulikana kwa kusukuma mbele bila kuchoka na kwa kupiga mwili, na ngumi za mwilini zina tabia ya kukopa mapema na kudai baadaye. Ngumi ya mbavuni katika raundi ya tano haiangushi mtu. Humfanya ashushe kiwiko nusu inchi ili kulinda pale panapouma, na baada ya raundi nane za kushusha kiwiko namna hiyo, mkono wa kushoto unaotakiwa kurudi kidevuni kila baada ya kurushwa hurudi ukiwa umechelewa, miguu husimama bapa sakafuni, na kichwa kilichokuwa kikihama baada ya kila konde hubaki palepale. Bondia aliyelelewa kwa raundi tatu huwa amefunzwa kufungua mabomba yote tangu kengele ya kwanza, kwa sababu katika ridhaa hakuna kesho. Bondia aliyelelewa kwa raundi kumi hujua kupumzika akiwa amesimama, kumkumbatia mpinzani ili kuvuta pumzi tatu, na kuipoteza raundi moja kwa makusudi ili ashinde mbili zinazofuata. Ujuzi huo haupatikani kwa kukimbia milimani. Hupatikana ulingoni tu, katika mapambano ya kati, na Muchoki hakuwa nayo ya kutosha.

Kuna jambo la kusikitisha katika tarehe yenyewe. Siku 8 baada ya pambano la Copenhagen, Kim Duk-koo wa Korea Kusini alipigwa na Ray Mancini jijini Las Vegas katika pambano la taji lililofika raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye, na Baraza la Ndondi Duniani (WBC) likatangaza kwamba kuanzia mwaka 1983 mapambano yake ya ubingwa yatakuwa ya raundi 12. Vyama vingine vilifuata kabla muongo haujaisha. Kwa maneno mengine, Muchoki aliangukia katika raundi ambayo bondia wa leo hataiona kamwe. Hii haimaanishi kwamba angeshinda pambano hilo kama lingekwisha mapema, kwa kuwa kusimama mpaka kengele ya mwisho na kushinda kwa pointi ni vitu viwili. Inamaanisha tu kwamba udhaifu uliomgharimu zaidi ulikuwa wa kitu ambacho mchezo wenyewe ulikiri, ndani ya wiki chache, kuwa ni mzigo unaopita kiasi.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa mizani. Katika ndondi za kulipwa uzani wa flai una kikomo cha kilo 50.8, ilhali uzani mwepesi wa flai, ulioanzishwa na vyama vya dunia mwaka 1975, una kikomo cha kilo 49 hivi. Mtu aliyejenga sifa yake yote katika kilo 48 alikuwa na makao yake ya asili katika daraja hilo jipya, na karibu kilo mbili kwa mwili mdogo kiasi hicho ni tofauti kubwa. Mabingwa wa daraja hilo, hata hivyo, walikuwa zaidi Asia na Amerika ya Kilatini, mbali na soko la Copenhagen, na mkanda wa Jumuiya ya Madola aliokuwa nao ulimweka katika uzani wa juu. Kwa tathmini ya makala haya, hapo ndipo nafasi bora ya Muchoki ilipotea, kimyakimya, kwa kutokuwa na mtu wa kumpeleka Tokyo au Panama alipokuwa na nguvu zake zote. Mapema mwaka 1983 alipoteza na mkanda wa Jumuiya ya Madola, mikononi mwa Keith Wallace wa Uingereza jijini London, na habari za taji zikaishia hapo.

Ili isidhaniwe kwamba njia ya Denmark yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu, inafaa kumtazama jirani. Ayub Kalule wa Uganda alishinda ubingwa wa dunia wa ridhaa katika mashindano yaleyale ya Havana mwaka 1974 ambayo Muchoki alishindwa fainali, akaingia ndondi za kulipwa Denmark chini ya promota yuleyule mwaka 1976, akapanda kidato kimoja kimoja, akachukua ubingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na mwezi Oktoba 1979 akamshinda Masashi Kudo nchini Japani kwa pointi baada ya raundi 15, akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzani mwepesi wa kati. Alikuwa na mapambano zaidi ya 20 ya kulipwa nyuma yake siku hiyo. Promota ni mmoja, mji ni mmoja, shule ya ridhaa ya Afrika Mashariki ni ileile, ila Kalule alianza kulipwa miaka miwili tu baada ya Havana, na alipofika raundi ya 13 alikuwa mtu aliyezoea mapambano marefu.

Philip Waruinge, aliyekuzwa na ndondi za Nakuru, alichelewa zaidi ya Muchoki. Dhahabu zake za Jumuiya ya Madola ni za Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Mexico mwaka 1968 alipata shaba na bado akapewa Kombe la Val Barker, tuzo anayopewa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika Olimpiki, heshima ambayo kwa kawaida haimwendei mtu wa shaba. Munich mwaka 1972 alipata fedha. Alipokwenda Japani kuanza kulipwa, akipigana kwa jina la Waruinge Nakayama, alikuwa na miaka 28, umri ambao bondia wa uzani mdogo huwa tayari ametumia sehemu kubwa ya wepesi wake. Aprili 1976 alipewa nafasi ya kupigania taji jipya la WBC la uzani wa superbantamu, kilo 55.3, dhidi ya Rigoberto Riasco, na pambano likafanyika Panama, nyumbani kwa Riasco. Liliisha raundi ya nane kwa ushindi wa Riasco. Wasomaji wa Nyahururu wataona kufanana na kutofanana hapa: Samuel Wanjiru naye alipelekwa Japani, lakini alipelekwa akiwa kijana wa shule, akalelewa na mfumo wa shule jijini Sendai tangu mwanzo, ilhali Waruinge alifika akiwa mtu mzima aliyekwisha kuipa Kenya miaka yake bora.

Robert Wangila anahitaji maneno machache na ya heshima. Dhahabu yake ya Seoul mwaka 1988, aliyoipata kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, ingali dhahabu pekee ya Olimpiki ya ndondi ya Kenya. Alikwenda Marekani, akashinda mapambano 22 na kushindwa 5, hakuwahi kupewa pambano la taji la dunia, na Julai 1994 alifariki Las Vegas kwa majeraha ya kichwa aliyopata katika pambano na David Gonzales, akiwa na miaka 26. Boudouani, yule aliyeangushwa Seoul, alirudi kwao Ufaransa ambako ngazi ilikuwepo, akapanda hadi ubingwa wa Ulaya, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA. Si rahisi kupata ushahidi mkali zaidi ya huo kuhusu thamani ya nchi kuwa na vidato vyake yenyewe.

Mkenya aliyefika juu ni mwanamke. Fatuma Zarika alianza kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, akasafiri sana na kupoteza mengi ugenini, na Oktoba 2016 huko Flint, Michigan, alimshinda Alicia Ashley kwa pointi na kutwaa taji la WBC la wanawake katika superbantamu, uzani uleule ambao Waruinge aliukosa Panama miaka 40 kabla. Kilichofuata kina funzo kubwa zaidi ya ushindi wenyewe. Mapambano ya kutetea taji yaliletwa Nairobi, ambako aliwashinda Catherine Phiri wa Zambia na Yamileth Mercado wa Mexico. Novemba 2019 alipokwenda kumkabili Mercado huyohuyo Mexico, alipoteza mkanda. Wapinzani hawakubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeandaa pambano, nani aliyelala kitandani kwake usiku ule, na sauti za nani zilijaza ukumbi majaji walipokuwa wakiandika pointi.

Kutokana na kazi hizo inawezekana sasa kusema nafasi za taji za bondia kutoka Nyeri au Nanyuki ziko wapi. Vyama vinne vinatambuliwa zaidi duniani, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja kina orodha ya viwango vya mabondia katika kila uzani. Bingwa hulazimika baada ya muda fulani kupigana na mpinzani wa kwanza katika orodha, na pambano hilo huitwa la lazima. Mengine ni ya hiari, ambayo bingwa humchagua mpinzani anayemfaa, kwa kawaida mtu mwenye jina lakini asiye na uzoefu wa kutosha. Bondia wa Afrika Mashariki karibu kila mara huitwa kwa njia ya hiari, akiwa na wiki chache za kujiandaa, na hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kushindwa. Njia ya lazima hupitia taji la Umoja wa Ndondi wa Afrika au la Jumuiya ya Madola, na mataji hayo nayo hayafikiwi bila rekodi ya mapambano ya raundi nane na kumi.

Mlima Kenya una mtaji ambao bado haujawekwa kazini. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki inakaribia mita 1,950 na Nyahururu inapita mita 2,300, na hewa hiyo nyepesi hujenga pumzi. Pumzi peke yake haimtoshi bondia, kwa kuwa mkimbiaji hachoshwi na mtu anayempiga tumboni, lakini kwa raundi ya tisa na ya kumi ni akiba ya kweli. Vyuo na kambi za vikosi vipo pia: Chuo cha Polisi cha Kiganjo, ambako Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo, kiko kilomita chache kutoka mjini Nyeri, na Nanyuki ina kambi za jeshi. Vikosi vimeilea ndondi ya Kenya kwa mshahara na malazi, na bila vikosi pengine isingekuwapo. Hata hivyo mshahara huohuo humfanya bondia abaki katika ridhaa mpaka miaka 28 au 30, kwa sababu hakuna mtu mwenye watoto atakayeacha kazi ya serikali ili apiganie malipo ya raundi sita yasiyofika kodi ya nyumba ya mwezi. Anayefanya hivyo hulazimika kupanda matatu kwenda Nairobi, kilomita 150, kutafuta wenzake wa kufanya nao sparingi, yaani mazoezi ya kupigana yasiyo na mshindi, na bondia asiye na wenzake wa sparingi wenye uzani na mitindo tofauti huingia pambanoni akiwa ameona mtindo mmoja tu, wa mwenzake wa kila siku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa Tume ya Ndondi za Kulipwa Kenya na kaunti za mlima si kumleta bingwa wa dunia. Ni kuwa na mfululizo wa mapambano ya raundi sita na nane, yanayozunguka Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru kwa tarehe zinazojulikana, ili bondia wa miaka 21 apate mapambano manne kwa mwaka pasipo kuvuka Sagana, na ili vikosi viweze kumpa likizo ya michezo bila kumfukuza kazi. Mizani iwe ya kuaminika, kwa sababu bondia anayejinyima maji siku tatu ili afikie kilo ambazo si zake hupoteza pambano kabla ya kengele. Na kwa kumkumbuka Wangila, asiingie mtu ulingoni bila kupigwa picha za ubongo mwaka huo, wala pasiwe na pambano lolote ambalo daktari hajakaa kando ya kamba na gari la wagonjwa halijasimama mlangoni, likiwa limeelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti. Gharama hizo ziwekwe katika bajeti ya promota kabla leseni yake haijatiwa saini, na promota asiyeweza kuzilipa asipewe leseni.